Chaji ya Nusu Siku

Simu ya kupangusa aliyoninunulia mdogo wangu Marcelino ilikuwa na kamera mbele na nyuma, ilikuwa na redio, ilikuwa na ramani, ilikuwa na mashine ya kuhesabia, na ilijua kama mvua inanyesha kwenye miji ambayo mimi sitafika. Chaji yake ilikuwa ya nusu siku. Ukiiwasha alfajiri, adhuhuri unashika kioo cheusi. Nilikaa nayo miezi minne, na katika miezi hiyo mama yangu alikuwa akiniita, nami nilikuwa nikimtazama usoni kila jioni nisijue kwamba naitwa.

Naitwa Leokadia, mama Pendo. Nilizaliwa juu kule milimani Kilolo, mtoto wa kwanza wa mzee Sosthenes na mama Esta. Baada yangu walizaliwa wawili wakafa, kisha akaja Marcelino. Nilipofika umri wa shule baba alisema nyumba hii ina uwezo wa sare moja tu, na sare hiyo ni ya mvulana. Basi nikambeba mgongoni huyo mwenye sare. Nilipotimiza miaka kumi na mitatu nikapelekwa Iringa mjini kufanya kazi za ndani. Mshahara wangu haukupita mkononi mwangu hata mwezi mmoja. Bosi alimpa baba, baba akapeleka shuleni. Marcelino alisoma kwa vyombo nilivyoosha mimi. Sisemi hivyo ili anirudishie. Nasema ili ieleweke kwamba aliponipa simu, nilifikiri hatimaye amekumbuka.

Niliolewa na Malimi, mtu ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Mwaka wa kwanza alipiga simu, mwaka wa pili namba yake ikapokewa na mwanamke mpole akaniambia, "Dada, umekosea." Sikukosea. Nikachukua watoto wangu wawili nikateremka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na vitunguu, nikakodi shamba ng'ambo ya mto. Huko ndiko nimelea na ndiko nimezeekea. Watoto sasa wako Makambako wanahangaika na maisha yao.

Kambini kwetu hakuna umeme. Kuna vibanda vya miti, kuna mashine ya maji inayonguruma, na kuna majaruba ya vitunguu mpaka macho yanachoka. Kutoka hapo hadi barabara kuu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Barabarani ndipo alipo Jailos, kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu.

Wakati ule nilikuwa na kitochi changu, kasimu kadogo ka kubonyeza. Nilikaa nacho miaka minane. Kilianguka kwenye mfereji mara tatu, nikakianika juani kama dagaa, kikaamka. Jumapili baada ya misa nilipita kwa Jailos, nikafungua mgongo wa kitochi, nikamwachia betri aibane kwenye chaji ya kobe, ile ya kuchajia betri peke yake, nikaenda zangu sokoni na gamba la simu kwenye titi. Nikirudi betri imejaa, na hiyo inanifikisha Jumapili nyingine. Wakati mwingine inapitiliza.

Mama naye hakusoma. Watu wawili wasiojua kusoma, mmoja Kilolo na mmoja Ruaha Mbuyuni, wanazungumzaje bila vocha? Tulikuwa na bipu zetu. Mama akiamka salama alinibipu mara moja, nami nikambipu mara moja, tukawa tumesalimiana. Mara mbili maana yake nipigie, nina neno. Mara tatu mfululizo maana yake njoo. Kwa miaka yote ile alinibipu mara tatu siku moja tu, baba alipofariki. Asubuhi nyingine zote ilikuwa moja. Nilikuwa nimeinama kwenye jaruba, miche mkononi, kitochi kinalia mara moja kinanyamaza, nami nasema peke yangu, "Kamwene, mama." Wenzangu kambini walinizoea.

Mwaka juzi mama alivimba miguu na pumzi ikawa fupi. Marcelino akaja na gari akamchukua, akampeleka kwake Mbeya, Ilomba, karibu na hospitali. Marcelino ana nyumba nzuri ya tofali, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mwenyekiti wa jumuiya. Nilimshukuru kwa magoti. Mwezi uliofuata nikapanda basi nikaenda kumwona mama, nikamkuta amekonda. Nikauliza anakula nini. Nikauliza nani anamwogesha. Mke wa Marcelino, Anjela, akanijibu, "Wifi, umekuja kukagua?"

Siku ya kuondoka Marcelino akanipeleka Mwanjelwa kwa fundi simu. Akanunua hii ya kupangusa, mpya, kwenye boksi lake.

"Dada, achana na hicho kidude. Utamwona mama kila jioni, uso kwa uso. Huna haja ya kuhangaika na mabasi."

"Mimi nitaiweza wapi, Marcelino? Hata jina langu siwezi kuandika."

"Hakuna kuandika. Ikilia unagusa hapa kwenye kijani, unamwona mama. Anjela atakupigia kwa simu yake."

Fundi akachukua laini yangu akaikata kwa kimashine ili iingie kwenye simu mpya. Simu ya mama ilikuwa imekufa maji mwezi uleule aliohamia Mbeya, kwa hiyo nilimpa yeye kitochi changu, fundi akaingiza laini yake humo. Nikamwambia fundi, "Mama hasomi. Usiweke majina, weka alama." Akaweka nyota kuwa mimi na sifuri kuwa Marcelino. Mama akacheka, akasema nyota ataitambua hata gizani.

Sitasema uongo: mwanzoni nilifurahi. Jioni ya kwanza kambini simu ililia, nikagusa kijani, na mama akatokea. Amekaa kwenye kochi la rangi ya damu ya mzee, kitambaa kipya kichwani, mafuta usoni yanang'aa. Wanawake wa kambi nzima walijaa mgongoni kwangu. Mama akatupungia mkono. Mmoja akasema, "Mama Pendo, una ndugu. Wengine tuna majina tu."

Lakini chaji. Alfajiri naiwasha imejaa, saa sita mchana imezima, na jioni Anjela akipiga sipatikani. Nikaenda kwa Jailos.

"Shikamoo, mama Pendo! Naona umeingia mjini."

"Marahaba. Hii simu inakufa."

"Haifi, inachoka. Simu kubwa ni kama mama mwenye mapacha saba, wote wananyonya. Huyu kamera, huyu intaneti, huyu kazi yake kutafuta uko wapi hata kama hujaondoka."

"Mwambie nipo kwenye vitunguu."

"Anajua. Ndiyo maana anachoka!" Akacheka, kisha akaigeuza mgongo. "Na betri yake haitoki. Hii unaniachia nzima, na sura ya mama yako ndani."

Aliniuliza naitumia saa ngapi hasa. Nikamwambia jioni, saa moja, mama anapopigwa video. Akaniambia basi kutwa niizime kabisa, niiwashe saa moja, na kwa namna hiyo chaji moja itanipa jioni tatu au nne. Alinishauri kwa nia njema, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikafanya hivyo. Nilibana chaji kama mtu anavyobana unga mwezi wa njaa, yote kwa ajili ya kuuona uso wa mama.

Asubuhi nilipoinama kwenye jaruba hakukuwa na kitu kinacholia. Wiki ya kwanza nilipakumbuka pale penye bipu. Baadaye nikasema, si namwona jioni? Bipu ya nini tena?

Kila nilipoiwasha saa moja, kabla Anjela hajapiga, simu ilikuwa inapiga kelele ti, ti, ti, ti, na maandishi yanateremka juu ya kioo. Nilishazoea matangazo ya kampuni za simu: bando, bahati nasibu, nyimbo za kuitikia. Hata kwenye kitochi yalikuja, na Jailos aliponisomea aliniambia ni takataka, futa. Kwa hiyo nilipangusa. Maandishi yakija, napangusa kwa kidole yanakwenda pembeni, kioo kinabaki safi kwa ajili ya mama. Nilijisifu kwamba sasa nami najua kupangusa.

Kulikuwa na jioni moja siisahau. Mama alikuwa kwenye kochi kama kawaida, Anjela ameshika simu. Mama akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mbona hunijibu?"

"Nakujibu, mama. Ni mtandao unachelewa."

"Nilimwagiza yule mama. Hakukwambia?"

"Mama yupi?"

Anjela akacheka nje ya picha. "Wifi, usimjali. Siku hizi anachanganya mambo. Jana ameniita jina la marehemu shangazi yake."

Mama akamtazama Anjela, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia vitunguu vimekaa vizuri, nikivuna nitakuja. Akasema, "Haya." Simu ikazima katikati ya hilo neno, chaji imeisha.

Baada ya hapo zilipita jioni tatu Anjela hakupiga. Ya nne, nilipoiwasha tu, ikalia. Alikuwa Marcelino, bila picha.

"Dada, mama hatunaye."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka alichosema yeye baadaye, maana kilinichoma kuliko habari yenyewe. "Nimekupigia tangu asubuhi, hupatikani. Tangu asubuhi, dada! Mama anakata roho, wewe umezima simu."

Nilishika basi la alfajiri nikafika Mbeya alasiri. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanawake wa jumuiya wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa ziko motoni. Nilipoingia nalia, kilio changu hakikupokelewa. Nilisikia mmoja anamwambia mwenzake, "Ndiye huyu aliyezima simu." Na mwenzake akajibu bila kushusha sauti, "Binti gani anazima simu, mama yake mgonjwa?"

Marcelino alikuwa amewatangazia. Nilikaa chini kwenye kona ya mkeka nikiwa mkosaji, na niliamini ni kosa langu. Nilikuwa nimezima kweli.

Kwetu mama akifariki, binti mkubwa ndiye anayemfunga kanga ya mwisho kiunoni kabla hajavalishwa. Kanga hiyo mama huichagua mwenyewe akiwa hai na kuificha. Yangu kazi hiyo. Nilipoulizia, Anjela akasema maiti imeshaoshwa na kuvalishwa hospitali, watu wamesubiri mpaka wamechoka, na kaburi linachimbwa hapahapa Mbeya, maziko kesho saa nane.

"Hapa Mbeya? Baba yuko Kilolo. Mama alisema atalala ubavuni kwa baba."

"Alibadilisha. Alimwambia mwanawe. Wewe ungeambiwa wapi, wifi, na simu umezima?"

Nikainuka kutafuta ile kanga, angalau niishike. Nilipita sebuleni nikaliona lile kochi. Nilikwenda chumba cha kwanza, cha pili, sikuona kitanda cha mtu mzee. Jirani mmoja wa jumuiya alikuwa ananifuata nyuma, mwanamke mtu mzima, jina lake Yudith. Akanishika kiwiko.

"Mama Pendo, unatafuta wapi? Mama hakulala humu."

"Alilala wapi?"

Alinipitisha mlango wa jikoni, tukatoka uani, akasukuma mlango wa stoo.

Ndani mlikuwa na mifuko ya saruji, mabati ya dukani, magunia mawili ya mkaa, na kati yake godoro jembamba chini. Hapakuwa na dirisha. Kwenye msumari ukutani palining'inia kile kitambaa kipya cha kichwani, kisafi, kimekunjwa, kama nguo ya kazini. Chini yake kichupa cha mafuta ya uso.

Nilisimama. Sikulia. Nilikuwa natazama kitambaa kile na akili inakataa kukiunganisha na kochi.

"Jioni walikuwa wanakuja kumchukua," Yudith alisema taratibu. "Wanamfunga kitambaa, wanampaka mafuta, wanamkalisha sebuleni. Mkimaliza wanamrudisha. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani mnakubaliana."

"Mimi nilimwona kwenye kochi."

"Ndiyo. Kwenye kochi."

Niliketi juu ya godoro. Nilipoinua mto kutafuta kanga, niliikuta, imekunjwa mara nne, na ndani ya mikunjo kulikuwa na kitu kigumu. Kilikuwa kitochi changu. Nilibonyeza, kikawaka. Mistari miwili ya chaji. Mwenye kukichaji alikuwa ameshalazwa kwenye jokofu la hospitali, nacho kilikuwa bado kinahesabu saa.

Nilikuwa nakijua kitochi kile kama vidole vyangu. Ukibonyeza kitufe cha kijani mara moja, kinakuonyesha uliowapigia. Nikabonyeza. Nyota. Nikashusha. Nyota. Nikashusha tena, nyota, nyota, nyota, ukurasa mzima wa nyota, nikashusha mpaka mwisho wake, sifuri haikuwepo hata moja.

"Nisomee saa," nilimwambia Yudith. "Nisomee siku."

Akavaa miwani. Kila siku asubuhi ya mapema, moja. Hivyo kwa wiki nyingi. Kisha ikaja asubuhi yenye tatu mfululizo. Ya kesho yake, tatu. Na tatu. Wiki mbili na siku, tatu kila alfajiri, na siku nyingine tatu adhuhuri na tatu jioni mapema, kabla sijawasha. Siku ya mwisho Yudith alihesabu kumi na mbili, kisha akafuta miwani.

Nikatoa simu yangu ya kupangusa. Ilikuwa na chaji ndogo iliyobaki. "Na haya matangazo yangu. Nisomee."

Akafungua. Alisoma la kwanza, akanitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha. "Haya si matangazo, mama Pendo. 'Ulipigiwa na namba hii mara tatu ulipokuwa hupatikani.' Na hili. Na hili. Yote ni namba ya mama yako."

"Na Marcelino? Alinipigia tangu asubuhi."

Akashusha, akapandisha. "Marcelino alikupigia jana saa moja na dakika mbili jioni. Hiyo uliyopokea. Nyingine hakuna." Alikuwa anasoma la mbele zaidi simu ilipozima mkononi mwake.

Basi nilikuwa nimeambiwa. Kila jioni kwa wiki mbili nilikuwa naambiwa mama anasema njoo, nami kwa kidole changu napangusa ili nipate kumwona vizuri. Kusoma nimejifunza baada ya hayo, ukubwani, kwa mwalimu wa kanisani, na ninapoandika haya bado mkono ni mzito. Nilikataa kufa nikiwa mtu wa kupangusa.

Yudith alikuwa na neno jingine. Alilitoa kwa shida.

"Nilikuwa nakuja kumletea uji. Nilimkuta mara nyingi na hiki kitochi sikioni anaongea. Nikajua anaongea na wewe. Siku moja nikasikia anasema, 'Mama, nakuomba, mwambie mwanangu anifuate. Sitaki kuzikwa huku. Mwambie Leokadia.' Nikamuuliza, bibi, unaongea na nani? Akaniambia kuna mama mmoja mstaarabu sana, binti yake asipokuwepo huyo ndiye anapokea."

Ndipo nilipomjua yule mama aliyeagizwa. Kila mwenye simu anamjua. Ni yule anayesema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mama yangu alikuwa anamngoja amalize, kisha anamwachia wosia.

Kikao cha ukoo kilikaa jioni ileile chini ya turubai, watu wote wakisikia. Mjomba Filemoni, mdogo wake mama, alikuwa amefika kutoka Kilolo na fimbo yake na koti la sufu. Marcelino akasimama, mikono imefumbatwa mbele kama kanisani.

"Wazee wangu, mama alinitamkia mwenyewe apumzike Mbeya, karibu na mimi niliyemtunza. Dada yangu nampenda, lakini dada hakuwepo. Tulimtafuta. Alizima simu."

Watu wakaguna. Mjomba akanigeukia. "Leokadia, ulizima?"

"Nilizima, mjomba. Nilikuwa natunza chaji nimwone mama kwenye kochi."

"Kochi gani?"

Nikamweleza. Nilieleza stoo, godoro, kitambaa kwenye msumari. Anjela akaanza kupiga kelele kwamba namchafulia nyumba kwenye msiba, kwamba mtu wa vitunguu nimekuja kutafuta urithi. Marcelino hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia mkono wangu, maana nilikuwa nimeshika kitochi.

"Mjomba, huyu anasema alinipigia tangu asubuhi. Hakunipigia. Aliyenipigia ni mama, na kila kitu kimo humu."

Mjomba akakipokea. Yeye mwenyewe ana kitochi kama kile, hajawahi kushika simu nyingine. Alibonyeza kijani, akatazama, akashusha, akatazama. Alichukua muda mrefu, na hata wapishi wakaacha sufuria wakasogea.

"Nyota ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wewe Marcelino, alama yako?"

Nikajibu mimi, "Sifuri, mjomba."

"Hamna sifuri humu." Akashusha tena. "Mtu anaumwa, mwanawe yuko ukuta wa pili, na anampigia aliye mbali. Mara tatu, mara tatu, mara tatu. Mimi pia nilibipiwa mara tatu shemeji Sosthenes alipofariki. Dada yangu hakuwa na maneno mengine ya kusema njoo."

Yudith akasimama bila kuitwa. Akaeleza alichokisikia, neno kwa neno, na habari ya yule mama mstaarabu. Wengine hawakuelewa. Mjomba alielewa. Akachagua nyota, akabonyeza kijani, akawasha sauti ya nje, akakiinua kitochi juu. Simu yangu ya kupangusa ilikuwa kwenye mfuko wangu, imekufa. Na chini ya turubai, mbele ya jumuiya nzima, ile sauti nzuri ikasema, namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Mwanamke mmoja kwenye mkeka akaangua kilio. Alikuwa yuleyule aliyeuliza ni binti gani anazima simu.

Mjomba akakata simu. "Wosia ulitolewa. Aliyepokea hakuwa na miguu ya kuufikisha, basi sisi tunayo. Dada yangu anarudi Kilolo."

"Mjomba, kaburi limeshachimbwa," Marcelino alisema.

"Lifukie."

Wenyeji wa pale walisema kaburi wazi halifukiwi tupu, litaita mtu. Wakakata mgomba wakauzika. Sisi tukapanda gari na jeneza alfajiri, mjomba mbele, mimi na Yudith nyuma. Nilimfunga mama kanga yake mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa, kabla ya padri kufika. Ilikuwa imechelewa, ilikuwa juu ya nguo za hospitali, lakini niliifunga. Tulimlaza ubavuni kwa baba. Marcelino alikuja na gari lake akasimama nyuma ya watu. Anjela hakuja.

Baada ya udongo nilimfuata, nikampa simu yake kwenye boksi lake, na waya wake.

"Dada, ni zawadi. Kaa nayo."

"Ina vitu vingi. Mimi nahitaji kimoja."

"Ningekwambia nini, dada? Mama alikuwa anakojoa kitandani. Wageni wanakuja nyumbani kwangu kila siku. Nilimpeleka hospitali kila mwezi, hilo huulizi."

"Ungenibipu mara tatu," nilimwambia. "Bure."

Laini yangu iliyokatwa Jailos aliivalisha kipande cha plastiki, akairudisha ndani ya kitochi, na ile ya mama nimeifunga kwenye kona ya leso. Jailos hakutania siku ile. Alibana betri kwenye chaji ya kobe akanipa kigoda, nikakaa pale mpaka ikajaa.

Sasa ni mwaka. Jumapili nachaji, Jumapili nyingine nachaji. Kitochi kinakaa kwenye titi ninapopandikiza, ninapopalilia, ninapofunga magunia, na hakizimwi. Marcelino ananipigia. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, siku hizi ni kila wiki. Nasikia watu wa jumuiya walimvua uenyekiti na hata dukani wanamtazama vibaya. Jina lake nimeliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo likitokea nalisoma vizuri.

Kinalia mpaka kinamaliza. Chaji ninayo ya wiki nzima, na napatikana. Sipokei.